Petit Pays ukumbini: yule mama alikuwa anamwogopa nani?

Filamu ya Petit Pays ikimalizika na taa za ukumbi kuwashwa, swali linalotangulia mengine kwa kawaida halihusu uigizaji wala muziki. Mtu ananyoosha mkono kutoka viti vya nyuma na kuuliza: yule mama ni Mtutsi, na Burundi ya wakati ule jeshi lilikuwa mikononi mwa Watutsi, sasa alikuwa anamwogopa nani? Anayelijibu sawasawa amekwisha kuifungua karibu filamu nzima. Anayelijibu kwa mkato, kwamba Wahutu na Watutsi walikuwa wanapigana, anawaacha wenzake na filamu ya talaka ambayo kwa bahati mbaya ina milio ya risasi kwa nyuma.

Hapo ndipo watazamaji wengi wa vyuoni wanapopotelea. Wanaona hadithi mbili zikienda sambamba: ndani ya nyumba baba na mama wanaachana, nje nchi inawaka moto. Kumbe ni hadithi moja. Michel na Yvonne, yaani baba na mama hao, wanagombana mezani juu ya jambo lile lile linalogombaniwa barabarani: nani yuko kwao hapa, nani ni mgeni, na mambo yakiharibika nani ana uwezo wa kuondoka.

Kwa ambaye hajaiona, mambo ya msingi ni haya. Filamu iliongozwa na Éric Barbier na kuingia kwenye majumba ya sinema ya Ufaransa Agosti 2020, baada ya kucheleweshwa na korona. Imetokana na riwaya ya Gaël Faye yenye jina hilo hilo, yaani nchi ndogo, iliyotoka mwaka 2016 na mwaka huo huo kupata tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo majaji wake ni wanafunzi wa sekondari. Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa tayari anajulikana kwa muziki wa rap. Hadithi inafanana na maisha yake bila kuwa maisha yake. Mhusika mkuu ni Gabriel, kwa kifupi Gaby, mtoto wa miaka kumi hivi, anaigizwa na Djibril Vancoppenolle. Ana mdogo wake wa kike, Ana. Baba yao, Michel, ni Mfaransa mwenye kampuni ndogo ya ujenzi, na nafasi hiyo amepewa Jean-Paul Rouve. Mama yao, Yvonne, anaigizwa na Isabelle Kabano, Mnyarwanda, na kwa maoni yangu ndiye aliyeibeba filamu hii mgongoni.

Wanaishi Bujumbura, katika kijia kisichotokea upande wa pili, nyumba za nafasi zenye bustani na geti. Gaby na rafiki zake wana makao yao ndani ya gari bovu la Volkswagen lililotelekezwa kwenye kiwanja cha pori. Wanaiba maembe ya jirani, wanavuta sigara kwa kificho, wanatukanana na kupatana. Mwaka ni 1992. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba wana mwaka mmoja tu wa kuwa watoto.

Sasa turudi kwa mama. Rwanda na Burundi zinafanana kwa mengi mno, na kufanana huko ndiko kunakowachanganya watu. Zote mbili zilikuwa falme za kale. Zote ziliingizwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani pamoja na Tanganyika, zikachukuliwa na Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zikatawaliwa pamoja kwa jina la Ruanda-Urundi, na zikapata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Msemaji wa Kirundi na msemaji wa Kinyarwanda wanasikilizana bila mkalimani. Na kote kuna Wahutu walio wengi, Watutsi walio wachache na Watwa walio wachache zaidi. Ukiishia hapo utadhani historia yao nayo ni moja.

Lakini kuanzia mwaka 1959 njia zilipishana. Rwanda iliona mapinduzi yaliyouondoa ufalme na kuleta serikali ya viongozi wa Kihutu, na Watutsi kwa makumi ya maelfu walikimbilia Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika. Burundi mambo yalikwenda kinyume. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilikuwa na wafuasi wa pande zote, alipigwa risasi Oktoba 1961 kabla hata ya uhuru. Ufalme ukaangushwa mwaka 1966, na tangu hapo mpaka 1993 nchi ilishikwa na maofisa watatu wa jeshi, wote Watutsi, mmoja akimpindua mwenzake: Micombero, Bagaza, kisha Buyoya. Kwa hiyo mwaka 1990 kuwa Mtutsi Kigali na kuwa Mtutsi Bujumbura hayakuwa maisha yanayolingana hata kidogo. Kigali kitambulisho chako kiliandikwa kabila, urithi wa Wabelgiji wa miaka ya 1930, na kabila hilo lilikuwa la watu wanaoshukiwa. Bujumbura wakubwa wa jeshi walikuwa wa kabila lako.

Yvonne haingii kwenye hali yoyote kati ya hizo mbili. Ni Mtutsi wa Rwanda aliyeletwa Burundi akiwa mtoto mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa karibu miaka thelathini ameishi Bujumbura kama mkimbizi. Jeshi la Burundi si lake. Mhutu wa Burundi mwenye hasira na watawala akimtazama anaona Mtutsi. Mrundi mwenye vyeo akimtazama anaona Mnyarwanda aliyekaribishwa na ambaye hajaondoka. Na kule alikozaliwa hawezi kurudi, kwa sababu serikali ya huko imekwisha kusema kwamba nchi imejaa.

Ndiyo maana ugomvi wake na Michel una uchungu usioelezwa na mapenzi yaliyopoa peke yake. Yvonne anataka wahamie Ufaransa na watoto kabla mambo hayajaharibika. Michel hataki. Ufaransa angekuwa mtu wa kawaida anayepanga foleni kama wengine. Bujumbura ana nyumba, mpishi, dereva, mafundi chini yake na ziwa la kwenda kuogelea Jumapili. Mke anamwambia kwa namna mbalimbali kwamba yeye Michel yuko salama mahali popote kwa sababu ya pasipoti yake na rangi yake, na kwamba anachokiita maisha mazuri kwake yeye ni kungoja tu. Michel anasikia lawama za mwanamke aliyechoka na ndoa. Mtazamaji akiwa hajui historia, naye atasikia hivyo hivyo.

Michel anachukuliwa na watazamaji wengi kama mtu mwema asiyejihusisha na siasa. Ni kweli hana ubaya wa makusudi. Anawakataza watoto kuzungumza siasa, anawaeleza tofauti ya Wahutu na Watutsi kwa mzaha wa maumbo ya pua, anacheka, anabadilisha mada. Lakini mzaha wa pua haukutoka hewani. Ulipimwa kwa rula na watu waliotoka Ulaya, ukaandikwa kwenye majalada ya serikali ya kikoloni, na kufundishwa mashuleni. Baba anaurudia kama utani wa nyumbani, mwanawe anaubeba shuleni na kuanza kutazama pua za wenzake. Kwa dakika chache hizo filamu imefanya kazi ambayo mihadhara mingi haiifanyi.

Kuna fundo jingine ambalo watazamaji wa Afrika Mashariki wanalielewa upesi wakikumbushwa. Rwanda na Burundi mtoto hufuata ukoo wa baba. Baba Mhutu na mama Mtutsi, mtoto ni Mhutu, na kinyume chake. Baba wa Gaby ni Mfaransa. Kwa hesabu hiyo Gaby hana kabila lolote kati ya hayo, na utotoni mwake lote hilo halikuwa na maana. Riwayani bibi yake mzaa mama anasikitika kwamba wajukuu hata Kinyarwanda hawakufundishwa. Vita vinapokuja, rafiki zake wa kwenye gari bovu wanamvuta upande wa mama yake. Wanataka kujua yuko na nani, wanamtaka athibitishe. Hakuna mila inayomlazimisha. Anayemlazimisha ni mtaa. Kwa hiyo anapoingia upande mmoja si kwamba amegundua asili yake, kama baadhi ya wachambuzi wanavyopenda kusema. Amepewa adui, na adui akishakuwepo huna budi kuwa mtu fulani.

Hapo ndipo filamu hii inapoachana na filamu nyingine za Kifaransa za mtoto anayekua. Ufaransa ina desturi ndefu ya filamu za namna hiyo, na yenye kivuli kikubwa kuliko zote ni Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, ya mwaka 1959, ambapo mvulana aliyekataliwa nyumbani na shuleni anatoroka na kukimbia mpaka ufukweni mwa bahari. Katika desturi hiyo mtoto anapambana na wakubwa ili apate nafasi yake mwenyewe. Familia ni ngome inayobana, kukua ni kutoka nje yake. Gaby hana ngome ya kutoroka. Nyumba yake inavunjika yenyewe, na nje ya geti hakuna bahari ya uhuru bali vijana wenye mabomu ya mkono. Kila anachokifanya mtoto katika filamu nyingine ili akue, Gaby anakifanya ili asikue, na anashindwa.

Tarehe zenyewe ni muhimu, maana filamu haizitaji kwa sauti. Tarehe 1 Juni 1993 Burundi ilifanya uchaguzi wa kwanza wa rais wenye vyama vingi. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu, mtu wa benki, alimshinda Buyoya kwa karibu asilimia 65 ya kura, na Buyoya akakubali kushindwa. Kwa miezi michache ilionekana kama maajabu. Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba askari wa jeshi lake mwenyewe walimuua. Mikoani Wahutu wenye hasira waliwaua majirani zao Watutsi, jeshi likalipiza kwa Wahutu, watu wakafa kwa makumi ya maelfu na mamia ya maelfu wakavuka mipaka, wengi wao kuja Tanzania. Mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, hakudumu. Tarehe 6 Aprili 1994 alipanda ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda wakitoka kwenye mkutano wa viongozi Dar es Salaam, ndege ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na usiku huo huo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Dunia inamkumbuka Habyarimana. Watu wa Bujumbura walikuwa wamepoteza rais wa pili katika muda usiofika miezi sita.

Ukiyajua haya, mambo madogo ya filamu yanaanza kusema. Chukua mpishi na dereva. Prothé, mpishi, ni Mhutu. Innocent, dereva, ni Mtutsi. Wote wanakula jikoni kule kule, wote wanamwita Michel bosi. Mwanzoni unaona wafanyakazi wawili wasiopikika chungu kimoja, kama walivyo wafanyakazi wa nyumba nyingi. Siku za uchaguzi Prothé anang'aa, anatembea tofauti, na dharau ya Innocent inabadilika kuwa kitu kingine. Gaby anaona tu kwamba watu wazima wa nyumbani wamekuwa wa ajabu. Hakuna anayemweleza. Oktoba inapofika, riwayani redio inaacha matangazo na kupiga muziki wa Wagner, na wakubwa wanajua papo hapo kwamba ni mapinduzi, kwa sababu kila mapinduzi yaliyopita nayo yalikuja na muziki wa ala wa Kizungu redioni. Mtoto anasikia muziki mzuri. Wakubwa wanafunga milango.

Hii ndiyo mbinu ya hadithi nzima, na inafaa kuelezwa ukumbini kabla ya kuonyeshwa. Kamera haipandi juu kutuonyesha nchi. Haituletei ramani, haituletei mkutano wa majenerali. Inabaki kwenye kimo cha mtoto: nyuma ya mlango uliofungwa nusu, chini ya meza ya sherehe, kitandani usiku huku sauti zikipita ukutani. Tunachopewa ni vipande, na kazi ya kuviunganisha ni yetu. Wapo wanaolalamika kwamba filamu haielezi. Nadhani wanaidai kitu ambacho kingeiua. Ila lalamiko lao lina haki upande mmoja: mtazamaji wa Paris mwaka 2020 na mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyezaliwa baada ya 2000 wote wanahitaji vipande zaidi kuliko wanavyopewa.

Rwanda tunaiona kupitia Yvonne. Mdogo wake, Pacifique, anakwenda kujiunga na RPF, jeshi la wakimbizi lililoingia Rwanda kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990. Familia nyingi za wakimbizi Bujumbura zilichanga pesa na kutoa vijana wao kwa ajili ya vita hivyo. Baada ya mauaji ya kimbari, yaliyochukua takriban siku mia moja na kuua watu kati ya laki nane na milioni moja, Yvonne anakwenda kuwatafuta ndugu zake. Anarudi mtu mwingine. Amekonda, haongei, analala popote. Usiku anamwamsha Ana, binti yake mdogo kabisa, na kumsimulia alichokikuta kwenye nyumba ya shangazi yake, habari za watoto waliokuwa wakicheza naye. Gaby anasikia kutoka kitanda cha pili.

Simulizi hizo za usiku ndizo sehemu ngumu kuliko zote, na Kabano anaziigiza bila kupaza sauti. Watazamaji wengine hukasirika: mama gani anamfanyia mtoto hivi? Jibu ni kwamba ameishiwa watu wazima wa kuwaambia. Mume hayupo tena wa kusikiliza, majirani wana misiba yao, na kile alichokiona hakitoki kwa njia nyingine. Vita vimeingia nyumbani kwa mdomo wa mama, kabla havijaingia kwa geti.

Baadaye vinaingia kwa geti pia. Bujumbura ya 1994 na 1995 iligawanywa mtaa kwa mtaa: Kamenge ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi, na vikundi vya vijana vyenye majina kama Sans Échec vikifunga barabara na kutangaza siku ambazo jiji zima halitoki. Katikati ya yote hayo kulikuwa na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako kwa vizazi kadhaa watu wenye asili za Ujiji, Kongo na kwingineko wameishi pamoja, wengi wao Waislamu, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Filamu haina muda nao, nami naelewa kwa nini: Gaby anatoka upande wa bustani na mageti. Lakini mtazamaji wa Kigoma atauliza, na ana haki ya kuuliza, maana Bujumbura anayoijua yeye inaanzia Buyenzi.

Huyo wa Kigoma atagundua na jambo jingine. Ziwa analoliona kwenye skrini si Tanganyika. Filamu ilipigwa Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, huko Gisenyi. Tangu mgogoro wa Burundi wa mwaka 2015 uhusiano wa nchi hizo mbili umekuwa mbaya, na mpaka kati yao umefungwa na kufunguliwa na kufungwa tena. Kwa hiyo filamu ya kuikumbuka Bujumbura ilitengenezwa kwa jirani yake, na kwenye milima ya ng'ambo mtu wa pwani ya Tanganyika anaona kitu hakikai sawa.

Kuna pengo kubwa zaidi ya hilo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu filamu bila kusita. Ni mwaka 1972. Mwaka huo, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, serikali ya Micombero iliwasaka na kuwaua Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, maofisa, watumishi wa dini. Makadirio yanaanzia laki moja na kupanda mpaka laki tatu. Wengine walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa, wakasomesha. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha uamuzi wa kuwapa uraia zaidi ya watu laki moja na nusu wa kundi hilo. Bila 1972 huwezi kuelewa kwa nini kura ya 1993 ilikuwa nzito vile, wala kwa nini kifo cha Ndadaye kiliwafanya watu wa vijijini waamini kwamba orodha za majina zimeanza kuandikwa tena. Hadithi ya Gaby inaupita mwaka huo haraka. Uchungu wa familia ya mama tunaupata kwa kina; uchungu wa Prothé, ambaye kwa umri wake lazima ana kumbukumbu za 1972, tunabaki kuukisia kutoka sura yake akiwa na sinia mkononi.

Mtu anaweza kuitetea filamu kwa kusema kwamba mtoto wa bosi hawezi kujua yaliyo moyoni mwa mpishi. Utetezi huo naukubali nusu. Hakuna ubaya filamu kuona kutoka dirisha moja, ila anayeiandaa chuoni anatakiwa aseme ni dirisha lipi.

Na kwa nini Kifaransa? Kwa sababu Wabelgiji waliiachia Burundi utawala na shule za Kifaransa, kwa sababu Gaby anasoma shule ya Wafaransa, na kwa sababu, tuwe wakweli, pesa za filamu zilitoka Ulaya. Ndani yake husikii Kifaransa kitupu. Ndugu wa Yvonne wanapokaa pamoja wanahamia Kinyarwanda, na hapo Gaby anakuwa mgeni mezani kwa bibi yake. Ukitazama nakala yenye tafsiri ya maandishi chini ya picha, tofauti hiyo inafutika, kwani maandishi yote yanafanana, awe amesema baba au bibi. Inasaidia sana kuwaambia watu mapema: sikilizeni lugha inapobadilika, msisome tu.

Kusoma kwenyewe nako ni shida ya kweli ukumbini. Kumbi nyingi za mihadhara zilijengwa watu wamwone mhadhiri aliyesimama, si mstari wa maandishi ulio chini kabisa ya skrini. Projekta ikiwekwa mezani na picha kuangukia ukuta wa mbele, kuanzia safu ya sita watu wanasoma visogo vya wenzao. Inua picha. Hata sentimita arobaini zinatosha kuokoa nusu ya ukumbi. Mapazia mazito, spika za kweli badala ya zile za laptopu, basi. Sisi tuliozoea vibanda umiza, vile vya video vya mtaani, tukitafsiriwa na kina Lufufu kila neno na utani juu yake, kusoma kimya kimya kwa karibu saa mbili si desturi yetu, na filamu hii ina ukimya mwingi ambao ukikosa sauti nzuri unageuka kuwa usingizi.

Upande wa sheria ni mfupi ingawa wengi wanaupuuza. Kununua DVD au kulipia huduma ya mtandaoni kunakupa ruhusa ya kutazama nyumbani. Kuonyesha ukumbini ni kuonyesha hadharani, hata kama kiingilio ni bure, na haki hiyo ni ya mwenye filamu; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema hivyo, na ya Kenya haiko mbali. Tanzania kuna pia Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na Kenya kuna bodi yake ya kupanga filamu kwa umri. Njia nyepesi kwa idara ya Kifaransa ni kupitia Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ya mji husika au ubalozi, kwa sababu Institut français, taasisi ya utamaduni ya serikali ya Ufaransa, ina mkusanyiko wa filamu zilizokwisha kulipiwa haki za maonyesho yasiyo ya biashara. Maombi hayo huwa mengi Machi, kuelekea tarehe 20, siku ya Francophonie, yaani ya wanaotumia Kifaransa duniani, kwa hiyo anayengoja Februari amechelewa.

Kinachosahaulika zaidi ni nani atakaa kwenye viti. Katika ukumbi wa chuo cha Dodoma, Nairobi au Kampala unaweza kukuta mjukuu wa mkimbizi wa 1959, mtoto wa aliyekimbia 1972 na binti ambaye wazazi wake walitembea mpaka Ngara mwaka 1994, wote safu moja, wote wanazungumza Kiswahili kizuri na hawajawahi kuulizana. Usimsimamishe mtu aeleze kwa niaba ya kabila lake. Nimeona likifanywa kwa nia njema na ukumbi ukaganda. Toa onyo mapema kwamba kuna simulizi za mauaji ya watoto, acha mlango wa pembeni wazi, na usiwashe taa zote kwa mpigo majina yanapoanza kupanda.

Na mbele usimweke mwalimu wa Kifaransa peke yake. Yeye atazungumzia riwaya, lugha na mtazamo wa mtoto, na atayasema vizuri, lakini maswali yatakayomjia mengi ni ya 1961, 1972 na 1993. Mwite mtu wa idara ya historia akae naye. Anzeni saa kumi jioni badala ya saa moja usiku, kwa sababu mjadala wa filamu hii hauishi kwa dakika ishirini, na mabasi ya mwisho hayamsubiri mtu.